Dada, weka huo unga chini, fungua kwanza kadi ya kliniki

Usimpe. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma mada yako nikiwa kwenye daladala mpaka nimepitiliza kituo. Umesema mtoto ana miezi minne na wiki mbili, usiku anaamka mara nne, mkila anakodolea macho sahani, na mama mkwe kashatoa hukumu kwamba maziwa yako ni mepesi, mtoto hashibi. Unga wa lishe umeshaagiza. Unauliza uanze na uji au viazi, maji apewe lini, na blenda ipi haiungui haraka. Blenda iweke kando. Kwanza nikusimulie jinsi uji ulivyonitoa laki tatu na heshima yote niliyokuwa nayo ndani ya nyumba yangu.

Mimi ni baba, tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na mwanangu sasa ana miaka mitatu. Mke wangu ameajiriwa ofisi moja Posta. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, na akirudi kazini ana ruhusa ya hadi masaa mawili kwa siku kwenda kunyonyesha. Aliyeyaweka hayo masaa mawili nadhani nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ya kwetu yanaishia Buguruni kwenye foleni. Kwa hiyo mke wangu akawa anakamua usiku na alfajiri, anaweka kwenye vikopo vya mfuniko, anaandika tarehe kwa maka peni. Mimi mwenye duka hapohapo nyumbani ndiye nikawa msimamizi wa friji, nikisaidiana na dada wa kazi.

Siku moja umeme ukakatika saa nne asubuhi, ukarudi jioni. Kufungua friza nikakuta vikopo sita vimeanza kulainika. Nikavimwaga vyote kwenye sinki. Baadaye sana ndiyo nikaambiwa kwamba vile vilivyokuwa bado na barafu vilikuwa havina shida. Nilimwaga usingizi wa mke wangu wa wiki nzima, dada, na vikopo nikasuuza nikaanika.

Hapo ndipo likaingia kundi la WhatsApp. Kiongozi wake anajiita mtaalamu wa lishe, ana picha amevaa koti jeupe, na anauza unga wa nafaka kumi na mbili. Nikamwandikia: mtoto ana miezi mitatu na wiki tatu, analia, anatafuna ngumi. Jibu likaja kwa sauti, tamu kama asali: "Baba, huyo ni dume, dume halishibi maziwa matupu. Anza uji mwepesi, utanishukuru." Kilo mbili, elfu kumi na nne, hela ya boda juu yangu. Nikalipa. Koti jeupe hata mchinja kuku anavaa, lakini mimi siku hiyo nikaona nimepata daktari.

Mke sikumwambia. Nilitaka arudi akute mtoto ametulia, anisifu.

Ule uji ulikuwa haupiti kwenye chuchu ya chupa. Unajua nilifanya nini? Nikachukua pini, nikaipasha kwenye moto wa jiko, nikaongeza tundu. Nikaongeza na maji mpaka uji ukawa kama maji ya kuoshea mchele. Akanywa chupa nzima, akalala masaa matatu. Nikakaa dukani najipongeza, hata mteja aliyekuja kukopa sukari nikamkopesha.

Sasa hapa ndipo ninapotaka utulie, maana kosa lenyewe limejificha humu. Ule uji tumbo uliujaza kweli, ila ulikuwa maji yenye rangi. Mama akirudi jioni mtoto ananyonya kidogo, anageuza shingo. Na ziwa halina ghala. Linatengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Likinyonywa kidogo, linapunguza. Baada ya wiki mbili mke wangu akikamua anapata nusu ya zamani, analia, anasema mwili wake umemshinda. Mimi nipo, namsikia, nimenyamaza. Mtoto naye analia zaidi kwa sababu sasa kweli ana njaa. Na mimi nikiona analia nafanya nini? Naongeza uji. Yaani nilitengeneza njaa kwa mikono yangu, halafu nikaitumia kama ushahidi kwamba nilikuwa sahihi.

Wiki ya tatu akaanza kuharisha. Siku ya kwanza wakasema meno. Jirani kasema meno, dada wa kazi kasema meno, mimi nikasema meno, wakati mdomoni hamna hata dalili. Siku ya pili alfajiri mke wangu akampapasa kichwani, akaushika mkono wangu akauweka pale utosini. Palikuwa pamebonyea kama kisosi. Analia bila machozi. Nepi aliyolala nayo kavu.

Tulilazwa siku tatu. Bima ya mke ilikuwa bado haijamwingiza mtoto, kwa hiyo kila kitu taslimu, kuanzia kitanda hadi dripu.

Lakini iliyoniuma kuliko hela ni kadi. Nesi mmoja mtu mzima akaomba kadi ya kliniki, akaikunjua kwenye ule ukurasa wenye mistari ya uzito. Akauliza, "Mama, huyu mnampa nini?" Mke wangu akajibu, "Maziwa yangu tu, sista." Mimi nikaanza kusoma bango la malaria ukutani kama nina mtihani nalo. Nesi akanigeukia, hakusema kitu, akangoja. Nikasema, "Uji kidogo. Mwepesi." Mke wangu hakugeuka. Aliendelea kumpepea mtoto kwa kanga, polepole, na hakunisemesha mpaka siku ya pili jioni.

Nesi akaweka kidole kwenye nukta. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu: mstari unapanda vizuri kabisa. Halafu nukta ya asubuhi ile, imelala. Akauliza, "Nani aliwaambia maziwa hayatoshi? Huyu alikuwa anashiba." Kadi ilikuwa kwenye droo ya kabati muda wote, dada. Kulikuwa na karatasi nyumbani kwangu inayosema mtoto anashiba, mimi nikaenda kuuliza WhatsApp.

Na tulikuwa tumeacha kwenda kupima. Tulichoma chanjo ya wiki ya 14 tukaona tumemaliza mpaka surua ya miezi tisa. Wengi mnafanya hivyohivyo, na katikati ya hapo ndipo mama mkwe na wauza unga wanapopata nafasi.

Kuhusu yule wa koti jeupe: nilirudi kundini nikaeleza yaliyotukuta. Akanitoa dakika hiyohiyo. Zile nafaka kumi na mbili zenyewe ni biashara ya kukusanya kila punje iliyopo sokoni. Mtoto akipata tatizo hujui ni ipi iliyomkataa. Na humo mna mahindi na karanga, vitu ambavyo vikihifadhiwa vibaya vinashika sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 ilishaua watu Dodoma na Manyara. Muulize muuza unga wako karanga kazitoa wapi, zilikaa ghalani muda gani. Uone atakavyokutumia emoji.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na mke wangu huwa ananicheka nikiisema: hufungui mfuko wa unga kabla hujafungua kadi. Kulia si kipimo. Mtoto wa umri huo analia kwa joto, kwa gesi, kwa kukutaka wewe tu. Kutafuna ngumi si kipimo, kila kitu wanakipeleka mdomoni. Kukodolea macho sahani ndiyo kabisa. Wa kwangu alikuwa anaikodolea feni hivyohivyo na hatukumpa feni. Kuamka mara nne usiku kwa miezi minne ni kawaida. Mpe ziwa, lote, mara nyingi kadiri anavyotaka, kisha kampime. Mstari ukiwa unapanda, mwambie mama mkwe kwa heshima zote, "Shikamoo mama, kadi hii hapa." Ukiwa umelala au unashuka, bado usikimbilie uji. Kaa na nesi akuangalie unavyomnyonyesha, maana mara nyingi tatizo liko kwenye namna mtoto anavyolishika ziwa.

Miezi sita haikutolewa hewani. Shirika la Afya Duniani linaishikilia tangu 2001. Akifika hapo shingo imekaza, anakaa ukimwegemeza, na ukimpa kijiko ulimi hausukumi tena kila kitu nje. Wa miezi minne ukimwekea uji anaurudisha wote kidevuni, ndiyo maana sisi wajanja tunakimbilia chupa na pini.

Usichelewe pia, nisieleweke vibaya. Karibu na miezi sita akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaanza kwisha. Jirani yetu alisubiri mpaka minane kwa kuogopa yaliyotupata, mtoto akaambiwa damu imepungua. Uji wa wakati huo uwe mzito, ukiinamisha kijiko usidondoke kama maji, na asiishie kwenye uji peke yake. Yai, maini yaliyosagwa, dagaa, maharage. Chumvi na sukari achana navyo. Asali mpaka avuke mwaka.

Maji, hata Januari hii ya Dar unayotokwa jasho umekaa: hapana, mpaka afikishe sita. Maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji tayari. Ukiwa kazini akanyweshwe ya kwako kwa kikombe kidogo, chupa tupa, na mwambie anayemlea kwamba friji ikizima aniulize mimi kabla ya kumwaga.

Kesho Jumatatu kliniki wanapima asubuhi, wahi kabla ya foleni. Ukitoka hapo piga picha ule ukurasa wa mistari, ziba jina la mtoto, uuweke hapa tuuone. Na huo unga kama bado hujalipia, mwambie wa boda ageuze.