Mchicha wa nauli: kwa walimu mnaosubiri ajira masika hii

Mvua za masika zimeshika hapa Morogoro. Milima ya Uluguru haionekani tangu juzi kwa mawingu, na tuta langu moja la mchicha lina siku tisa. Nawaandikia ninyi mliomaliza chuo mwaka jana, mnaoniuliza kila tukikutana: "Dada, ajira zikoje?"

Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kujitolea katika shule ya kata. Nafundisha Historia na Kiswahili, na sisi wa masomo ya sanaa foleni yetu ni ndefu kuliko ya wenzetu wa Fizikia na Hisabati. Usaili wa kuandika nilipita, mahojiano nikafanya, jina halikutoka. Kuna shule binafsi imeniambia nirudi Novemba, maana wengi wao hutafuta walimu kuelekea Januari, mwaka wa masomo unapoanza. Basi, ziko hivyo.

Kaka zetu walimaliza chuo wakakaa nyumbani kusubiri kupangiwa vituo. Kwetu mambo yamegeuka. Tangu mwanzoni mwa 2025 na walimu tunaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kama wahasibu na wahandisi. Tangazo la usaili lisomeni hadi chini, msiishie kutafuta jina lenu. Huko chini ndiko kulikoandikwa kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mimi nilikuwa na shilingi elfu nne.

Tena kosa lilikuwa langu. Kwenye akaunti yangu ya mfumo wa maombi ya ajira nilikuwa nimeacha anwani ya nyumbani, Songea, nikapangiwa kufanyia usaili huko huko. Kutoka Morogoro hadi Songea ni kushinda kwenye basi kutwa nzima, Iringa, Njombe, miguu imevimba. Nauli nilikopa kwa mama mwenye nyumba, na deni lile lilinikaa kooni miezi mitatu. Ingieni leo mkabadilishe mkoa mnaoishi. Dakika tano tu.

Mkiwa humo humo, angalieni majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha kidato cha nne kinasema vile, hata kwa herufi moja, shughulikieni didipoli, hati ya kisheria ya kubadili jina, sasa, si wiki ya usaili. Nimemwona kijana analia getini kwa sababu ya herufi "h". Na hati ya matokeo si cheti, hawaipokei.

Sasa bustani. Niliianza kwa hasira ya lile deni, na kwa ujinga mwingi. Aprili ile nilipanda nyanya, kwa sababu bei ya nyanya masika hupanda na mimi nikajiona mjanja. Hupanda kwa sababu mvua inaziua! Ugonjwa wa bakajani uliingia usiku mmoja wa ukungu. Asubuhi ya pili majani yalikuwa meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Miche sitini. Sikula hata kachumbari.

Mchicha ndio mboga ya mtu anayesubiri tangazo. Siku ya ishirini na moja, ikichelewa sana ya ishirini na nane, unang'oa. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga kwa mkono zinaanguka rundo moja. Chukua kiganja cha mbegu, changanya na viganja vitano vya mchanga mkavu, kisha chora mistari kwa kijiti, kina cha ukucha tu, unyunyize taratibu. Funika na udongo kidogo, tandaza nyasi juu ili mvua isizirushe. Masika hii inueni tuta na mchimbe mfereji pembeni, la sivyo mbegu zote mtazikuta kwa jirani. Upana usizidi mita moja, mkono ufike katikati bila kukanyaga. Samadi ya kuku iwe imeoza kabisa. Ya moto inaunguza miche. Ikiota, ng'oa iliyobanana uile, iliyobaki ikate vichwa nayo itachipua tena.

Nina matuta manne, kila wiki napanda moja, kwa hiyo kila wiki kuna la kuvuna. Mama lishe wawili wanachukua Jumanne na Ijumaa jioni, nikitoka shule. Sipeleki Soko la Chifu Kingalu. Nikihesabu bajaji na muda, faida inaishia njiani. Pesa ya Ijumaa inaingia kwenye kibubu na haitoki mpaka tangazo. Ya Jumanne ni sabuni na vocha. Msinipigie hesabu za ekari na utajiri wa kwenye simu. Hii ni bustani ya nauli.

Kuhusu kujitolea, ombeni barua mapema. Nilifundisha miezi saba bila karatasi yoyote, mkuu wa shule akahamishwa, aliyekuja akaniuliza mimi ni nani. Barua itaje tarehe ya kuanza, masomo na idadi ya vipindi, iwe na muhuri, na kila mwisho wa mwaka uombe nyingine. Mwanzoni utaona aibu kuomba, kama unadai mshahara. Omba hivyo hivyo.

Mipango yangu: katikati ya Mei nasia nyanya kitaluni, nizihamishe Juni mvua ikikatika. Bamia kidogo ukutani. Jumamosi hii napanda matembele, na marando yake ya kupandia yamebaki mengi. Anayeyataka aje na kiroba chake kabla ya saa nne, jua halijawa kali, ni bure.