Kinyama kikishatoka: kwa madaktari na wauguzi wapya wa Dodoma

Ukiripoti kazini katika hospitali yoyote ya mkoa huu, iwe Kondoa, Mpwapwa, Mvumi au hapa mjini, haitapita muda mrefu kabla hujakutana na mama mwenye uvimbe kwenye titi. Usimpe antibayotiki za wiki mbili, kisha nyingine za wiki mbili, ukitumaini uvimbe utayeyuka. Jipu lina joto na maumivu, na mara nyingi humpata anayenyonyesha. Ukiona dalili hizo tibu, lakini mpangie tarehe ya kurudi, na uvimbe ukiwa bado upo, chukua kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara (biopsi). Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu saratani ya matiti unataka ugonjwa uwe umethibitishwa ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Raundi mbili za vidonge zimekwisha kula karibu nusu ya siku hizo.

Namna ya kuchoma sindano utafundishwa, na utaijua. Kinachosahaulika ni saa moja inayofuata, kinyama kikiwa tayari mkononi mwako, na hapo ndipo matibabu mengi yanapoharibika bila mtu kujua.

Zamani maabara iliulizwa swali moja tu: ni saratani au siyo? Sasa inaulizwa saratani hiyo ina vipokezi gani, yaani protini za seli zinazoonyesha dawa ipi itafaa. Ikiwa asilimia 1 tu au zaidi ya seli za saratani zina kipokezi cha estrojeni, mgonjwa anahesabiwa kuwa nacho, na anaweza kufaidika na tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kwa siku, cha bei ndogo, kinachomezwa nyumbani kwa miaka 5. Utafiti wa ATLAS uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kuendelea hadi miaka 10 kunapunguza zaidi kurudi kwa ugonjwa na vifo. Upande wa HER2, kipokezi kingine kinachopimwa kwenye seli za saratani na kupewa alama kuanzia 0 hadi 3+, utafiti wa DESTINY-Breast04 wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao saratani yao imesambaa na ina HER2 kidogo, waliokuwa wakihesabiwa hawana, wanafaidika na trastuzumab deruxtecan. Dawa hiyo ni ghali mno kwa wagonjwa wetu wengi. Lakini matokeo hayo yamefanya tofauti kati ya alama 0 na alama 1+ kwenye slaidi kuwa jambo zito, nayo ni tofauti ndogo ambayo kinyama kilichokauka hakiwezi kuionyesha.

Ubaya wake ni kwamba kinyama kilichoharibika kidogo bado kinaonyesha saratani. Mtaalamu wa patholojia ataiona na kuandika jibu. Ila vipokezi vitakuwa vimepotea, jibu litasema hakuna, na mama huyo atanyimwa kidonge cha bei ndogo ambacho kingemsaidia. Hakuna atakayerudi kukuuliza.

Kwa hiyo shika namba hizi. Kinyama kiingie kwenye fomalini, maji ya dawa yanayokihifadhi kisioze, ndani ya saa 1 tangu kikatwe, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kwa vipande vya sindano usisubiri hata dakika 5. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa Septemba hadi Novemba, na kipande chembamba kama uzi kikiwekwa kwenye gozi kavu kinakauka wakati unabandika plasta. Chupa iwe imefunguliwa na imewekewa fomalini kabla hujatia ganzi. Tumia sindano ya geji 14, chukua vipande vinne au vitano, na tikisa ncha ya sindano ndani ya fomalini kiachie chenyewe. Usikibane kwa kibano, seli zinapondeka na hazisomeki. Tazama pia kama kinazama: kinachoelea mara nyingi ni mafuta, ongeza kingine. Kama titi lina kidonda, chukua kwenye ukingo ulio hai. Katikati pa kidonda utapata usaha na nyama iliyokufa.

Wagonjwa wengi wetu wanaofika ugonjwa umekua huanza na dawa za kemo kabla ya upasuaji, na uvimbe unaweza kusinyaa hadi ukatoweka. Vipande vile vya kwanza ndivyo pekee vitakavyobaki vya kupima. Ndiyo maana tunasisitiza hivi.

Fomalini yenyewe ina matatizo yake. Ile inayokuja kwenye dumu ina fomaldehaidi asilimia 37 hadi 40 na haitumiki hivyo hivyo. Ukiitumia bila kuichanganya, nje ya kinyama panakuwa pagumu kama gamba na ndani pabaki pabichi. Mchanganyiko sahihi kwa lita 1 ni mililita 100 za fomalini hiyo, mililita 900 za maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled), gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja. Chumvi hizo mbili zinazuia tindikali. Bila hizo slaidi inajaa chembe nyeusi. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye dumu. Fungua madirisha na vaa glavu, maana mvuke wake wenyewe unasababisha saratani. Spiriti, maji ya bomba au friza si mbadala, hata kwa usiku mmoja.

Kiasi kiwe mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Titi zima lililobanwa kwenye ndoo ndogo, fomalini ikilifikia kiunoni, linaoza katikati. Fomalini hupenya takribani milimita 1 kwa saa, hivyo titi zima lazima lipasuliwe kwa nyuma, vipande vya unene wa sentimita 1, ngozi ikiachwa nzima kama mgongo wa kitabu. Lakini mpasuaji aweke kwanza nyuzi za alama na kuandika kwenye fomu uzi upi ni wa juu na upi wa upande wa kwapa. Ukipasua kabla ya hapo, hakuna atakayejua ukingo upi ulibaki na saratani. Na hesabu siku: titi lililotolewa Ijumaa saa tisa alasiri linatimiza saa 72 Jumatatu saa tisa. Kama Jumatatu ni sikukuu, zungumza na maabara kabla ya kupanga upasuaji huo.

Kwenye fomu andika saa ya kukata na saa ya kuingiza kwenye fomalini, kwa mfumo wa saa 24. Muuguzi anayeandika 4:15 akimaanisha saa nne na robo asubuhi anasomwa maabara kama alfajiri au jioni, na muda wote unavurugika. Andika 10:15. Majina matatu, namba ya hospitali, titi la kulia au la kushoto la mgonjwa, yote kwenye ubavu wa chupa, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu kinyama kinaingia laini na kutoka kigumu.

Tezi ni habari nyingine. Tezi ya shingo huku kwetu inaweza kuwa kifua kikuu au limfoma (saratani ya tezi), na ukitumbukiza yote kwenye fomalini umeua vimelea na kujinyima nusu ya jibu. Toa tezi nzima, ukipendelea ya shingo au kwapa kuliko ya kinena. Ikate katikati kwa wembe safi: nusu kwenye chupa safi yenye salini (maji ya chumvi) kwa GeneXpert, kipimo cha mashine cha kifua kikuu, na kwa kuotesha vimelea, ifike siku hiyo hiyo, na nusu kwenye fomalini.

Kabla ya yote hayo, mweleze mama mwenyewe. Wengi wamesikia kwamba kansa ikiguswa na chuma inasambaa, na wengine huondoka wakiwa foleni kwa hofu hiyo. Mwambie: "Mama, tunachukua kipande kidogo tujue dawa ipi inakufaa. Kukichukua hakusambazi ugonjwa." Muulize nani angependa awepo siku ya majibu, usidhani ni mume, huenda ni dada yake au mwanawe mkubwa. Chukua namba mbili za simu, yake na ya mtu huyo, uzipige palepale uone kama zinaita. Anayetoka vijijini Chemba, mpe siku ya kurudi inayolingana na gari, na wiki moja kabla ya siku hiyo piga maabara wewe mwenyewe kuulizia jibu. Likiwa halijatoka, mpigie asipande gari bure.