Chambo kilichobaki kiishie nchi kavu

Mvuvi wa ndoano hapa Mwanza anajua vizuri mahali pa kupata chambo, lakini ni wachache wanaojiuliza kitakwenda wapi kile kinachobaki jua linapozama. Mimi huvua sangara siku za mapumziko, na kwa muda wote ambao nimekaa ufukweni na wenzangu nimeona kwamba wengi wao humaliza jambo hili kwa namna moja: hupindua ndoo majini, iwe ni ziwani, mtoni au katika lambo lililo karibu na nyumbani. Ushauri wangu ni kwamba chambo hai kisirudishwe majini, wala maji kilimobebwa yasirudishwe, isipokuwa kama ulikivua hapo hapo ulipo, siku hiyo hiyo, na hukukichanganya na kingine.

Ugumu wa kulisema jambo hili unatokana na kwamba anayemwaga mara nyingi ana nia njema. Rafiki yangu mmoja alikuwa na desturi ya kupitia lambo la kijijini kwao na kuachia humo furu na kambale wadogo waliobaki, akisema anawapandia watoto kitoweo. Hakufikiria kwamba kambale hula karibu kila kinachoingia mdomoni, vifaranga wa sato wakiwemo, na kwamba masika yakija lambo hufurika na kupeleka maji yake hadi kwenye mabwawa ya watu waliotumia fedha zao kununua vifaranga hao. Furu naye ana lake. Majike wa furu wa ziwa letu hulea mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo anayemwachia jike mmoja anaweza kuwa ameachia kizazi kizima, na jike huyo akibanwa ndani ya ndoo huweza kuwatema, ndiyo maana nasisitiza kwamba hata maji yanayoonekana matupu yasimwagwe lamboni.

Sisi wa Ziwa Victoria tungepaswa kuwa watu wa mwisho kulifanyia mzaha suala la kuhamisha samaki. Sangara tunayemvua kwa furaha aliletwa katika miaka ya 1950, na kati ya aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500 zilizokuwemo, wataalamu wanaamini kwamba karibu 200 zimetoweka, yeye akiwa miongoni mwa sababu kubwa pamoja na kuchafuka kwa maji. Baadhi ya samaki wa asili wamesalia katika maziwa madogo ya pembeni ambako sangara hajafika: ngege, kwa mfano, bado wanapatikana katika Ziwa Kanyaboli huko Siaya, Kenya. Nchini Uganda, Ziwa Nabugabo lilipandwa sangara katika miaka ya 1960 na samaki wake wa asili wakapungua sana, ilhali vijiziwa vya jirani, Kayanja na Kayugi, viliendelea kuwahifadhi. Ndoo ya chambo ni njia fupi sana ya kuvuka kinamasi ambacho samaki mwenyewe asingeweza kukivuka.

Maji ya ndoo hubeba pia mimea. Kipande kidogo cha gugumaji chenye kikonyo kinaweza kuchipua na kutanda, na mbegu zake hukaa kwenye tope kwa miaka mingi zikiwa bado hai. Mwaga maji hayo kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji, kisha anika ndoo na wavu juani hadi vikauke kabisa.

Kambale anahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, na kwenye majani mabichi hujisukuma kwa mapezi yake ya mbele. Kumtupa ukingoni si kumaliza kazi. Nimewahi kumkuta alfajiri akiwa hai kwenye umande, hatua kadhaa kutoka mahali alipotupwa usiku. Fuvu lake ni gumu, hivyo tumia rungu dogo, mpige kwa nguvu mara moja juu ya kichwa, halafu umtie kwenye barafu. Ni afadhali kuliko kumwacha ateseke ndani ya ndoo kavu.

Akishakufa, matumizi ni mengi. Kambale wadogo na furu huliwa, ijapokuwa furu ana miiba inayomtaka mlaji mwenye subira, na wasioliwa nyumbani hupikwa wakapewa kuku au bata. Mimi hupenda zaidi kuwakata vipande na kuwapanga kwa tabaka za chumvi ndani ya chombo chenye mfuniko, kwa sababu nyama iliyokolea chumvi hukaza na haibanduki upesi kwenye ndoano. Wengine hugandisha kwenye friji, jambo ambalo ni zuri mradi chombo kiandikwe kilichomo, la sivyo amani ya nyumba iko hatarini. Kilichoharibika kizikwe shinani mwa mgomba, kwenye shimo refu kiasi cha kuwashinda mbwa. Kisiachwe mahali ambapo watu huteka maji, kwani harufu yake huwaita kenge, na mamba pale walipo.

Nyungunyungu ni rahisi zaidi: warudishwe kwenye bustani walikochimbwa, au watunzwe kivulini katika udongo wenye unyevu na majani makavu. Msomaji anayevua Minnesota, Marekani, asifuate desturi hiyo, kwa maana misitu ya huko haikuwa na nyungunyungu wa asili tangu enzi ya barafu, na wanaotupwa na wavuvi hula majani yaliyofunika ardhi ya msitu. Huko hutiwa kwenye mfuko na kutupwa kwenye pipa la taka.

Njia bora ya kupunguza kazi hii yote ni kununua kidogo, yaani chambo kinachotosha ndoano zako na akiba ndogo tu, na kinachobaki kumpa jirani anayeendelea kuvua hapo hapo, baada ya kumwambia kilikotoka. Kabla ya kuondoka ufukweni, toa pia vipande vilivyobaki kwenye ndoano moja baada ya nyingine, kwa kuwa mwewe na kongoti huvimeza pamoja na chuma chake.