Peremende za CBD, kemikali ya mmea wa bangi: mliyotuuliza wiki hii

Pakiti niliyoletewa kutoka Uingereza imeandikwa miligramu 300, vipande 30. Nile vingapi kwa siku? (Kisauni)

Gawanya 300 kwa 30: kila kipande kina miligramu 10. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya huko ilishusha kiwango cha juu cha siku kwa mtu mzima mwenye afya kutoka miligramu 70 hadi hizo 10, kwa kuhofia ini na tezi ya shingo. Kwa hiyo ni kimoja tu, na mwenye ugonjwa wa ini asile kabisa.

Mamangu anameza warfarini, alibadilishiwa vali ya moyo. Magoti yanamsumbua, nimpe? (Likoni)

Usimpe, dada. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huvunjwa na vimeng'enya vya ini, na CBD huvizuia vimeng'enya hivyo. Dawa hujaa mwilini, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) hupanda, damu ikakataa kuganda. Utaona ufizi ukitoka damu akipiga mswaki, michubuko asikogongwa, mkojo mwekundu. Kama ameshakula, mpeleke kliniki apimwe INR, usingoje tarehe ya kwenye kadi, wala usimpunguzie vidonge mwenyewe. Choo kikiwa cheusi kama lami, au akianguka akagonga kichwa, ni hospitali saa hiyo hiyo. Hata Brufen ya magoti si yake, nayo huzidisha hatari ya kutokwa damu.

Wanaotumia valproeti kwa kifafa nao wajihadhari: ikichanganyika na CBD, ini huumia zaidi.

Nina mimba, kichefuchefu kimenizidi. Nile peremende hizi? (Changamwe)

Hapana, mama. Nenda kliniki, zipo dawa za kichefuchefu salama kwa mimba.

Wanasema CBD haileweshi. Mbona nililewa? (Nyali)

Huenda peremende zako zilikuwa na THC, ile inayolewesha kwenye bangi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni: 26 tu zililingana na lebo, na 18 zilikuwa na THC. Tena THC ya kuliwa huchelewa, nusu saa hadi saa mbili. Mtu huona kimya, akaongeza kipande. Na ukila CBD pamoja na mahamri au chakula kingine cha mafuta, inayoingia damuni huongezeka mara kadhaa.

Mtoto wa miaka mitatu amekula viwili, anasinzia. (Mtopanga)

Mpeleke hospitali sasa. Usimtapishe, usimpe maziwa. Njiani mlaze ubavu, tazama kifua kinavyopanda na kushuka. Beba pakiti na vipande vilivyobaki, na umwambie daktari ukweli wa alichokula. Atajua aangalie nini.