Kuagiza vifaranga vya Ayam Cemani kutoka nje ya nchi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumlipa mfugaji wa nje akutumie vifaranga vya Ayam Cemani, kuku weusi wenye asili ya Indonesia, kisha ufuatilie kibali vikiwa njiani. Nakusihi usifanye hivyo. Kibali cha kuingiza ndege hutolewa na mamlaka ya mifugo ya nchi inayopokea, nacho hutangulia safari. Mzigo ukifika bila kibali, au bila cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali ya huko utokako, huweza kurudishwa au vifaranga wote kuuawa. Uliza pia kuhusu karantini, kwa sababu mara nyingi gharama yake humwangukia mwagizaji, na kuhusu homa ya mafua ya ndege, kwani mlipuko mmoja katika eneo la muuzaji unaweza kufunga njia hata kwa mwenye karatasi zote.

Kifaranga aliyeanguliwa hubaki na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayomtosha kwa takriban saa 72, kwa hiyo kila saa ya kucheleweshwa forodhani inakula akiba hiyo. Mayai ya kutotolesha huvumilia safari zaidi, ingawa nayo yanahitaji kibali. Yakifika, yaache yatulie kwa saa 24, ncha nyembamba ikielekea chini, ndipo uyaingize kwenye mashine ya kutotolesha.

Kuhusu uhalisi wa mbegu, omba picha za wazazi wakiwa wamefunguliwa midomo: weusi wa Ayam Cemani hufika hadi kwenye ngozi, nyama na mifupa, na kaakaa jekundu ni dalili ya mchanganyiko.