Pepo Gani Hutolewa kwa Kuchoma Mkeka?

*Shikamoo Anti. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji mwaka jana, kiuno kikaanza kumsumbua. Hospitali walimshauri ajaribu yoga, yale mazoezi ya kunyoosha mwili, kuvuta pumzi na kutafakari. Sasa kila Jumanne na Alhamisi jioni yuko darasani Masaki. Mchungaji wetu anafundisha kwamba yoga ni ibada ya Kihindu na mlango wa mapepo. Nimemkataza, hasikii. Amebadilika, Anti: nikirudi saa tano usiku chakula napasha mwenyewe, nikimfokea hajibu, anavuta pumzi tu na kunitazama. Wiki iliyopita nilichoma mkeka wake. Amehamia chumba cha watoto. Nimpeleke kwa wazee wa kanisa aombewe?*
*Mume Mwenye Hofu, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeipekua barua yako nikimtafuta huyo pepo. Nimekuta chakula kilichopoa. Nimekuta mume anayerudi saa tano usiku na hasemi anatoka wapi. Nimekuta mwanamke aliyezoea kufokewa akalia, na sasa halii. Hilo la kutolia ndilo lililokushikisha kalamu. Mchungaji umemwita baadaye aje kuwa shahidi. Kiuno chenyewe umekitaja mara moja tu ukakipita. Kinauma bado? Kimepata nafuu? Hujui, na mlikuwa mnalala kitanda kimoja.

Nisikuonee lakini. Swali la imani ni la haki. Yoga imetoka India, imekua ndani ya dini za huko, na yapo madarasa yanayofungua kwa kuimba “Om”, sauti takatifu ya Wahindu. Wapo Wakristo waliokataa katakata. Juni 2020, wakati wa korona, watu walipokuwa wakishauriwa kufanya yoga kupunguza msongo, Sinodi ya Kanisa la Othodoksi la Ugiriki ilitamka kwamba haina nafasi katika maisha ya Mkristo. Roma ilikuwa imekwenda kwa tahadhari zaidi. Waraka wa 1989, uliotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, yule aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, haukupiga marufuku. Ulisema chenye manufaa kinaweza kuchukuliwa, mradi sala ya Kikristo isipotezwe, ukaonya mtu asije akadhani raha ya mwili uliotulia ni faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo nalipenda. Umejinyoosha, umejisikia vizuri, basi, umejinyoosha.

Na kutafakari si kitu cha kuazima kwa Wahindu. Isaka, Mwanzo 24, alitoka kondeni jioni kutafakari. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Wanaoogopa wana hoja yao: huyu wa Zaburi anajaza moyo neno, wakati mwalimu wa yoga anaweza kukwambia uuache mtupu, na Mathayo 12 inajulikana, nyumba iliyofagiwa ikakaa bure, pepo akarudi na wenzake saba. Hoja nzito hiyo. Ndiyo maana ulipaswa kumuuliza mkeo: mkiambiwa mfumbe macho, wewe unawaza nini? Huenda anasema “Bwana nihurumie”. Huenda anahesabu pumzi. Mimi nabahatisha kwamba anasinzia, maana ana mtoto mchanga na mume wa saa tano.

Hukuuliza. Ulichukua kiberiti.

Paulo alikutana na jambo la namna hii Korintho, kwenye nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Anayejua sanamu si kitu anaweza kula, alisema, lakini akiona inamkwaza ndugu aliye dhaifu, aiache. Kama ndugu dhaifu ni wewe, ungekaa na mkeo ukamwambia, “Mama, hili linanikwaza,” na pengine angekusikiliza. Ndugu dhaifu hachomi mkeka wa mtu.

Wanaume wa siku hizi mmenichosha kwa hili. Mke akipunguza uzito, ana mwanaume. Akinyamaza, ana jini. Akijiunga na kikoba, anataka kuwatawala. Mnasikiliza sauti za WhatsApp za wahubiri msiowajua mpaka usiku wa manane, lakini kumsikiliza mwanamke aliyepasuliwa tumbo akuzalie mtoto, hapana. Wanawake nao wana yao, nitawafikia. Leo zamu si yao.

Wazee wa kanisa waache kwanza. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na ukimwaga huu, mzee wa kwanza mwenye akili atakuuliza unatoka wapi saa tano. Umeandaa jibu?

Kanunue mkeka mwingine, ule mnene, sakafu inaumiza kiuno. Mpe na useme ulikosea kuuchoma ule wa kwanza, bila “ila” wala “lakini”. Alhamisi rudi mapema ubaki na mtoto yeye aende. Akirudi, muulize nilichokuandikia hapo juu. Akikwambia huko wanaombea miungu, mwaweza kutafuta pamoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakayemfundisha kunyoosha mgongo bila nyimbo. Akikwambia wananyoosha tu, mwamini, kama anavyokuamini wewe kuhusu saa tano.

Na chakula endelea kupasha mwenyewe.