Maswali ya Karakana: Kukereza Kalamu za Mbao

Swali: Hamjambo wataalamu. Mimi ni seremala wa meza na viti hapa Morogoro. Nataka kukereza kalamu za mbao, lakini naambiwa mashine ndogo haifai. Nianze na vifaa gani ili nisichome mtaji?

Jibu: Ndugu msomaji, mashine ndogo ya mezani inafaa kabisa. Kalamu nzima haifiki sentimita 15, kwa hiyo nafasi ya sentimita 30 kati ya kichwa cha mashine (upande unaozungusha) na mkia wake (upande unaosogea) inatosha na kubaki, na mota ya wati 370 haitalemewa. Kinachoamua ni unyoofu. Kabla hujalipa, chomeka ncha kali kichwani na nyingine mkiani, kisha sogeza mkia mpaka ncha zikaribiane. Zikipishana, iache hapohapo dukani. Mashine hiyo itakupa kalamu ambayo upande mmoja mbao ni nene na upande wa pili bomba la shaba lililo ndani yake linachungulia. Uliza pia tundu la kichwani ni Morse (kipimo cha matundu yanayosinyaa kuelekea ndani) namba 1 au namba 2, maana mandreli ya namba hii haikai kwenye tundu la namba ile.

Mandreli ni ile fimbo nyembamba ya chuma inayobeba vipande vya kalamu vikizunguka. Nunua pamoja nayo ncha ya mkiani inayozunguka, yenye pembe ya nyuzi 60. Wengi huharibu kazi kwa kukaza mno: fimbo inapinda katikati, na kalamu inatoka na umbo la yai. Kaza mpaka kipande kisiteleze, basi.

Kwa vyuma vya ndani, anza na seti ya aina nyembamba inayotumia mabomba mawili ya shaba ya njano yenye kipenyo cha milimita 7. Ni rahisi, na ukikosea hasara ni ndogo. Nunua na bushi zake, zile pete zinazokuonyesha uishie unene gani.

Patasi mbili zinatosha: bobari ya milimita 20 ya kuondoa pembe, na patasi ya mshazari ya kulainisha. Ziwe za chuma cha haispidi, kwa sababu chuma cha kawaida kikigeuka bluu kwenye jiwe la kunoa, ugumu wake umekwisha. Ukibakiwa na fedha, usikimbilie patasi ya tatu. Nunua grainda ya mezani. Patasi butu haikati, inang'oa, na kipande chembamba kama hiki hupasuka hadi kwenye shaba.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kipande cha mbao chenye upana wa milimita 20 kila upande na urefu wa milimita 125. Chora mstari mmoja kwa urefu wake ili baadaye mistari ya mbao ikutane, ndipo ukate vipande viwili, kila kimoja kizidi bomba lake kwa milimita 3. Toboa kwa biti ya milimita 7, ukiitoa kila baada ya sentimita moja ili maranda yatoke. Biti iliyojaa maranda hupata moto na kuhama njia. Kwaruza bomba kwa msasa namba 150, ziba mdomo wake kwa nta ili gundi isiingie ndani, paka epoksi, lisukume huku ukilizungusha, uliache hadi kesho yake. Supaglu ni ya haraka, ila ukisita kidogo bomba hunasa nusu ya njia.

Gundi ikikauka, sawazisha ncha mpaka shaba ianze kung'aa, kisha uache. Ukiila shaba, bomba linakuwa fupi na mrija wa wino utachomoza hata kalamu ikifungwa.

Anza kukereza kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, panda hadi 2,500 kipande kikiwa mviringo. Bakiza unene kidogo juu ya bushi kwa ajili ya msasa: 150, 220, 320, 400, 600. Kabla ya kuhamia namba inayofuata, simamisha mashine upige msasa kwa urefu, la sivyo mikwaruzo ya mviringo itabaki na kuonekana ukishapaka rangi.

Swali: Shikamooni. Kalamu zangu za mpingo hutoka nzuri, halafu baada ya wiki mbili zinapata ufa. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Mara nyingi ni unyevu. Mbao hunywea ikikauka, shaba hainywei, kwa hiyo mbao inajipasua juu ya bomba. Mpingo ni mzito na hukauka taratibu sana. Pima kipande kwa mizani kila wiki na uandike uzito. Usikiguse mpaka namba iache kushuka. Vikiwa vinasubiri, paka nta kwenye ncha zake, kwani huko ndiko unyevu hutoka kwa kasi na nyufa huanzia.

Sababu ya pili ni joto la msasa. Kipande kikikuchoma kidole, mpingo nao unaungua: punguza mwendo na usibonyeze. Mpingo pia una mafuta, hivyo futa tundu kwa asetoni kabla ya gundi.

Swali: Sina mashine ya kubonyezea vyuma. Nifanyeje?

Jibu: Jiliwa yoyote inatosha ukiweka vibao laini kwenye meno yake. Bonyeza ncha ya kuandikia kwanza, kisha geuza kipande uingize kizungushio, kile chuma kinachotoa wino nje ukikizungusha, upande wake wa shaba ukitangulia. Hapa nenda kidogokidogo: bonyeza, weka mrija wa wino, zungusha, tazama unachomoza kiasi gani, rudia. Kizungushio kilichozama mno ni vigumu kukitoa bila kupasua mbao.

Swali: Barakoa ni lazima?

Jibu: Ndiyo, pamoja na kinga ya uso. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kubana kifua. Glovu usivae kabisa mashine ikizunguka, na mikono mirefu ya shati ikunje juu ya kiwiko.